Rekoda ya DVD inagoma: soma dalili kabla hujashika bisibisi

Rekoda ya DVD ya nyumbani ilipoingia sokoni Japani mwaka 1999, watu waliitaka kwa ajili ya vipindi vya televisheni. Leo huku kwetu karibu kila anayeitafuta ana sababu moja: kabatini kuna kanda za VHS za harusi, za mahafali, za maulidi, za mzee aliyekwishatangulia mbele ya haki, na deki za kuzichezea zinaisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki hizo, iliacha mwaka 2016. Basi mtu ananunua rekoda ya mtumba iliyotoka Ulaya au Dubai, anaiunganisha na deki, na muda si mrefu anaipeleka kwa fundi akisema ni mbovu.

Mara nyingi si mbovu. Tatizo liko kabla ya rekoda, yaani kwenye kanda, deki, waya au king'amuzi. Au liko baada yake, kwenye diski ambayo haijafungwa. Ukijua uko upande upi, nusu ya kazi imekwisha.

Jaribio la kwanza, kabla ya jingine lolote

Washa rekoda bila kuweka diski. Bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo (kwenye rimoti huandikwa Input, AV au Source) mpaka ufike kwenye tundu ulilochomeka deki, kwa kawaida AV1, AV2 au L1. Cheza kanda. Picha unayoiona sasa kwenye TV imepita ndani ya rekoda lakini haijaandikwa popote.

Ikiwa mbaya hapo hapo, achana na lenzi na diski. Angalia kanda, deki na nyaya. Ikiwa nzuri hapo lakini diski inatoka na kasoro, ndipo ushughulikie diski, ubora uliouchagua na mashine yenyewe. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili, na bado ni wachache wanaolifanya kabla ya kwenda kutoa hela.

Diski inacheza kwenye rekoda, kwingine haisomeki

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Umemaliza kurekodi harusi ya dada, umempelekea shangazi, deki yake ya DVD inazungusha diski kisha inaandika No Disc. Kompyuta nayo inasema diski ni tupu.

Chanzo cha kwanza: diski haijafungwa. Rekoda ikimaliza kuandika huacha mlango wazi ili uweze kuongeza vipindi vingine baadaye. Orodha ya yaliyomo, ambayo deki nyingine huisoma kwanza, huandikwa rasmi pale tu unapoingia kwenye menyu ya diski na kuchagua Finalize. Mafundi wengi husema kufinalaizi. Huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo usiguse kitufe chochote wala usizime mashine. DVD-R na DVD+R, zinazoandikwa mara moja tu, zikishafungwa haziongezwi kitu tena. DVD-RW, ya kufuta na kuandika upya, kwa kawaida hufunguliwa tena kwenye rekoda ile ile. DVD+RW ndiyo isiyo na makuu: deki nyingi huisoma hata bila hatua hii.

Chanzo cha pili hakijulikani sana. DVD-RW huweza kuandaliwa kwa mitindo miwili, Video na VR. Ule wa VR ni mzuri kwa kukata na kupanga vipande ndani ya rekoda, lakini deki nyingi za kawaida haziuelewi hata ukiifunga diski. Kama diski ni ya kumpa mtu, iandae kwa mtindo wa Video kabla hujarekodi, maana kubadili baadaye ni kufuta kila kitu. DVD-RAM ndiyo usimpe mtu kabisa. Ni diski imara sana kwa kazi ya ndani, ila nje ya rekoda chache na baadhi ya kompyuta haina pa kuchezewa.

Itakuwaje kama rekoda imekufa na diski haikufungwa? Usiitupe. Tafuta rekoda ya kampuni ile ile, ikiwezekana ya toleo lile lile, ujaribu kuifungia humo. Ikishindikana, iweke kwenye kompyuta yenye kisomeo cha DVD na ufungue programu ya IsoBuster, ambayo huweza kuona vipindi kwenye diski isiyofungwa. Kwenye Windows ukiona ujumbe unaokuomba uiandae diski upya, kataa.

Na yale mambo ya namba za maeneo ya dunia, Region 2, Region 5, zinazozuia diski ya eneo moja isicheze kwenye mashine ya eneo jingine, hayahusiki hapa. Namba hizo huwekwa kwenye filamu za kununua. Diski uliyoirekodi nyumbani haina kufuli hilo, kwa hiyo anayekuambia harusi yako haichezi Mombasa kwa sababu rekoda ilitoka Uingereza anakupotosha.

Rekoda inasema hairuhusiwi kunakili, na kanda ni yangu mwenyewe

Unabonyeza kitufe cha kurekodi, au uko katikati kabisa, mara ujumbe: Copy Protected, au Unable to Record. Kwa kanda ya filamu ya dukani ujumbe huo uko sahihi. Tangu miaka ya 1980 kampuni za filamu zilitumia kinga ya Macrovision, ambayo huweka mapigo ya umeme kwenye mistari ya juu ya picha, ile isiyoonekana kwenye TV. Rekoda ikiyaona inasimama. Hiyo ni kazi ya mtu mwingine na hakimiliki ipo, hatuingii huko.

Ila kanda ya harusi iliyopigwa na mpiga picha wa mtaani haina kinga yoyote. Kinachotokea ni kwamba kanda imechakaa, au imenakiliwa kutoka kanda nyingine iliyonakiliwa kutoka nyingine, na mistari ile ya juu imevurugika kiasi kwamba rekoda inaidhania kuwa ni kinga. Dalili ya kukuthibitishia: kanda mpya au iliyo safi inarekodi vizuri kwenye mashine hiyo hiyo, na hii ya zamani inakatiwa mahali tofauti tofauti kila unapojaribu.

La kufanya, kwa mpangilio huu. Peleka kanda mbele hadi mwisho kisha irudishe hadi mwanzo, ili ikazike sawa kwenye magurudumu yake. Safisha vichwa vya deki. Rekebisha tracking (kuvilinganisha vichwa na mistari iliyorekodiwa kwenye kanda) kwa mkono, usiiachie mashine. Ikikataa, badilisha deki. Kanda iliyorekodiwa na deki iliyopinda kidogo husomeka vizuri kwenye nyingine iliyopinda vivyo hivyo, na hilo huwezi kulijua bila kujaribu. Bado? Tafuta kifaa cha kunyoosha mawimbi kinachoitwa TBC, au deki ya S-VHS yenye TBC ndani. Ni ghali na ni adimu, lakini studio za zamani za video huwa nayo stoo.

Rekoda zenyewe hazifanani katika hili. Panasonic DMR-ES10 na ES15 zinasifika duniani kwa kunyoosha picha inayopinda juu, hadi wapo wanaozitumia kama kichujio tu, picha ipite ndani yake iende kurekodiwa kwingine. Lakini ES10 hiyo hiyo ina wivu mkali wa kunusa kinga isiyokuwepo.

Hakuna picha, picha haina rangi, au inapanda na kushuka

Sauti ipo, picha hakuna: angalia waya wa njano kwanza. Nyeupe na nyekundu ni sauti, njano ni picha, na nyuma ya rekoda kuna matundu ya kuingiza na ya kutoa yanayofanana kabisa. Soma maandishi: In kwa kinachotoka kwenye deki, Out kwa kinachoenda kwenye TV.

Rekoda za Ulaya nyingi zina tundu pana la SCART. Ukitumia kipachiko cha SCART chenye matundu ya rangi tatu, tazama kama kina swichi ndogo ya In na Out. Ikiwa upande usio wake utapata giza tupu, na nimeona mashine nzima zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya swichi hiyo.

Picha ipo lakini nyeusi na nyeupe: ama rekoda imepangwa kusubiri S-Video au RGB (njia nyingine za kuingiza picha) wakati wewe unaingiza waya wa njano, ama mfumo wa rangi umepishana. Afrika Mashariki tunatumia PAL, picha 25 kwa sekunde. Kanda iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani au Kanada itakuwa NTSC, karibu picha 30. Deki nyingi za Ulaya za miaka ya baadaye huicheza kanda ya NTSC kwa namna ya kuidanganya TV, nusu PAL nusu NTSC. TV inakubali, rekoda inakataa, au inarekodi picha isiyo na rangi inayoruka. Dawa ni deki inayotoa NTSC halisi, na kwenye menyu ya rekoda uchague NTSC kabla hujaweka diski. Usichanganye mifumo miwili kwenye diski moja.

Kuna mtego mwingine kwa wanaorekodi kutoka king'amuzi. Vingi vya sasa vina kitundu kimoja cha duara cha milimita 3.5 kinachotoa picha na sauti pamoja. Nyaya zake zinafanana kwa nje, ila ndani kila kampuni imepanga mistari kivyake. Ukisikia mngurumo mkali kwenye spika na picha haipo, huenda picha imeenda kwenye waya wa sauti. Jaribu kuchomeka waya mwekundu au mweupe kwenye tundu la njano kabla hujaamua kwamba king'amuzi kimekufa.

Mstari mchafu unaochezacheza chini kabisa ya picha si ugonjwa. Kanda zote za VHS zinao. TV za kichogo zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu, TV bapa inauonyesha.

Kwenye deki, zima maandishi ya skrini, na zima ile hali ya kuweka rangi ya bluu picha inapodhoofika. Ukiiacha, kila kanda inapoyumba sekunde mbili utarekodi bluu badala ya bibi harusi.

Haishiki chaneli hata moja

Na haitashika. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Rekoda yenye antena ya analojia tu inatafuta mawimbi yasiyokuwepo. Hata zile za Ulaya zilizoandikwa DVB-T (dijitali ya kizazi cha kwanza) hazikufai, kwa sababu Kenya kwa mfano inarusha kwa DVB-T2, ambayo mashine za zamani haziisomi. Achana na kutafuta chaneli. Tumia king'amuzi, uingize kwa waya.

Hapo ndipo saa ya kurekodi inapowaponza watu. Rekoda itaamka saa mbili usiku kama ulivyoiagiza, lakini haina uwezo wa kukiamsha king'amuzi wala kukibadilishia chaneli. Kiache kikiwa kimewaka kwenye chaneli unayoitaka, na uzime ile hali yake ya kujilaza baada ya saa chache. Saa ya rekoda nayo zamani ilijirekebisha kwa mawimbi ya kituo cha TV. Sasa iweke kwa mkono, na uirudie kila umeme ukikatika. Ukikuta diski imerekodi saa nzima ya giza, sababu ni moja kati ya hizo.

King'amuzi chenye HDMI pekee kinahitaji kibadilishi cha HDMI kwenda AV, kwani rekoda hizi HDMI yake ni ya kutoa tu. Kwenye chaneli za kulipia unaweza kukuta skrini tupu: ni kinga ya HDCP, si kibadilishi kibovu.

Picha imejaa vijiboksi, au watu wanacheza kwa kukatakata

Diski ya kawaida ina GB 4.7, na muda utakaoutia humo ndio unaoamua ubora. Alama za rimoti hutofautiana, lakini kwa jumla XP au HQ ni saa 1, SP saa 2, LP saa 4, na EP saa 6 au 8. XP kwa kanda ya VHS ni kupoteza diski. SP ndiyo ya kuanzia.

LP inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Mashine nyingi kwenye LP hupunguza upana wa picha kwa nusu, lakini VHS yenyewe haikuwa na undani mwingi wa upana, kwa hiyo hasara si kubwa. Balaa liko kwenye saa 6 na 8: hapo mashine nyingi hupunguza na urefu pia, na kwa kufanya hivyo hutupa nusu ya mwendo. Mtu aliyekaa anaonekana sawa. Taarabu ikianza na watu wakisimama kutunza, mikono inakwenda kwa kurukaruka, na hakuna programu itakayoirudisha hali ile.

Kanda ya E-180 ni saa 3 na haienei kwenye SP. Baadhi ya rekoda zina FR au hali nyingine ya kupanga muda, unaiambia saa 3 yenyewe inagawa nafasi yote sawasawa. Kama yako haina, tumia diski mbili, ukate kwenye mapumziko: ndoa huku, sherehe kule.

Diski inatemwa, au inaandika Disc Error mwishoni

Badilisha aina ya diski kabla ya kitu kingine chochote. Rekoda za zamani ziliundwa wakati diski zikiwa za kasi ndogo, na baadhi hazizitambui vizuri za 16x. Diski za bei ya kutupa nazo hupita mwanzoni, kisha zinakosea kuelekea ukingo wa nje, ndiyo maana harusi inakwama wakati wa kukata keki. Rekoda nyingine huandika kwa - tu, nyingine kwa + tu. Nembo iliyo mbele ya mlango inakuambia.

Kama hata diski nzuri zinakataliwa, ni vumbi kwenye lenzi au kwenye kile kishikio cha katikati kinachozungusha diski. Kishikio kikiwa na uchafu diski inateleza, mashine inasoma vizuri lakini inashindwa kuandika. Pamba safi na spiriti ya isopropili, taratibu, kisha iache ikauke. Ikisoma kila kitu na isiandike chochote hata baada ya hapo, mwanga wa leza umechoka. Kuandika kunahitaji nguvu nyingi kuliko kusoma. Kubadilisha kisomeo kwa rekoda ya mtumba ni gharama isiyo na maana, isipokuwa ukipata rekoda nyingine kama hiyo iliyokufa sehemu nyingine, uchukue kisomeo chake.

Kanda yenyewe

Watu wa pwani mnalijua joto la chumvi. Fungua kifuniko cha mbele cha kanda utazame ukingo wa roli kwa tochi. Ukiona vumbi jeupe au madoa kama unga, ni ukungu, na hiyo usiiweke kwenye deki. Itachafua vichwa, na kila kanda utakayoweka baada yake itaambukizwa. Mpe mtu anayesafisha kanda, au uiweke kando mahali pakavu mpaka umpate.

Umeme umekatika katikati ya kurekodi

Ukirudi usibonyeze kila kitu. Acha diski ndani, washa, subiri. Rekoda nyingi zitajaribu zenyewe kuitengeneza diski, na kipande kilichorekodiwa kinaweza kupona chote au sehemu. UPS ndogo ya kompyuta inatosha kwa rekoda na deki pamoja.

Kwa rekoda zenye hard disk ndani, rekodi huko kwanza, kata unachotaka, ndipo unakili kwenye diski. Ila fahamu jambo moja: mashine ikifa, hard disk hiyo haisomeki kwa kuichomeka tu kwenye kompyuta. Kila kampuni ina mpangilio wake. Windows itakuambia haijaandaliwa na itakupa kitufe cha kuiandaa; ukikibonyeza umezika kila kitu. Kwa hiyo usiifanye ghala.

Haiwaki, au inawaka na kuzima

Kama ilitoka Japani au Marekani, soma bati la nyuma kabla ya kuichomeka. Iliyoandikwa 100V au 120V pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 230 au 240.

Ikiwa ilikuwa nzima na sasa taa nyekundu inapepesa, au inabaki kwenye neno la kukaribisha bila kuendelea, au inatoa mlio wa tiki-tiki, mshukiwa wa kwanza ni kapasita za ubao wa umeme. Kichwa chake kinavimba au kinavuja. Fundi wa redio wa mtaani anazibadilisha kwa bei nafuu; mwambie aweke za nyuzi 105, siyo 85. Wewe usifungue: kapasita kubwa ya kuingiza hubeba zaidi ya volti 300 na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya.

Kama bado hujanunua

Nenda na diski mbili mkononi, DVD-R mpya na filamu yoyote. Usikubali kuonyeshwa filamu inacheza tu. Mwambie muuzaji arekodi dakika tano, afunge diski, kisha icheze kwenye deki nyingine dukani kwake. Akisema haiwezekani leo, ondoka. Ulizia rimoti asilia, kwa sababu menyu ya kufunga diski mara nyingi haifikiki kwa vitufe vya mbele, na rimoti za jumla haziijui. Zenye deki ya VHS na DVD kwenye boksi moja zinapunguza nyaya, lakini upande mmoja ukifa unabaki na boksi zito.

Ukishafunga diski, inakili kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Ndani kuna folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB. Programu ya VLC inayacheza bila kubadilishwa. Weka nakala kwenye diski ya nje na nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Ukitaka ya kutuma kwa simu, igeuze kuwa MP4 kwa HandBrake na uwashe kichujio cha Decomb, la sivyo kila anayetembea atakuwa na meno ya kitana pembeni. Kanda yenyewe usiitupe bado.